Barza ya maprezida: viongozi wa koperative wajifunze mumoja kwa mwingine



Mara nyingi masomo ya jarida hili yanaenda kwa mulimaji: namna ya kukata matawi ya kakao, namna ya kuvundika mbegu, namna ya kuanika. Mwezi huu tunageukia upande mwingine. Tunaongea na prezida, na musimamizi, na mutunza-feza, na ule mama anayeongoza kikundi cha wanawake. Ulizo letu ni fupi. Mulimaji ana agronome, ana shamba-shule, ana jirani wa kumuonyesha. Prezida yeye anajifunzia wapi kazi ya kuongoza?

Wengi watajibu: «Mu formasio.» Ni kweli, formasio inasaidia, na sisi wenyewe tunazitayarisha. Lakini formasio inakuja siku 3, inapita. Shida ya koperative haingojee formasio. Inakuja siku yoyote mangaribi, wakati mununuzi anasimama mbele ya depo na bei yake, lori imewashwa, na walimaji wanakuangalia wewe. Ile saa, kitu kinachosaidia ni kusikia mutu ambaye alishapita pale pale.

Kwa hiyo somo la leo ni hili: viongozi wa koperative mbalimbali wakae pamoja kila mwezi, wachache, wafunguliane kaye zao, na kila mumoja arudi nyumbani na kazi moja ya kufanya. Tunaiita barza ya maprezida, sababu barza kila mutu hapa kwetu anaijua.

Wanunuzi wanaambiana. Sisi je?

Komanda iko kwenye njia panda. Barabara moja inapanda Bunia, kilometa karibu 75, kupitia Marabo na Nyankunde. Ya pili inaenda Lolwa na Mambasa, mupaka Kisangani. Ya tatu inashuka Luna, Eringeti, Oicha na Beni. Na kutoka pale kakao inapita Kasindi, inaingia Uganda, inaendelea mupaka bandari ya Mombasa. Mahali kama hapa habari haikosekane.

Lakini angalia nani anazipata. Mununuzi wa Beni anapigia mwenzake wa Mambasa simu. Wanashindana, ndiyo, na kila mumoja anataka kujaza lori yake mbele ya mwingine. Hata hivyo wanaambiana: bei ya leo, barabara inapitika ama hapana, koperative gani iko na haraka ya feza. Prezida wetu, yeye, bei anaisikia wapi? Mara nyingi anaisikia kwa mununuzi mwenyewe. Ni kama kuuliza paka hesabu ya samaki.

Tukumbuke yaliyopita juzi tu. Mu mwezi wa 3 mwaka 2024, bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani moja, jambo ambalo halijaonekana mbele. Mu mwezi wa 12 ikapita 12,000. Sababu kubwa ilikuwa mavuno mabaya ya Côte d'Ivoire na Ghana, nchi 2 zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Kisha, mwaka 2025, bei ikashuka tena sana. Sasa fikiri koperative iliyokopa feza wakati bei iko juu, ikanunua kwa walimaji kwa bei ya juu, kisha kakao ikalala mu depo wakati bei inashuka. Hiyo koperative ilihitaji kusikia jirani: «Sisi tumeanza kuuzisha kidogo-kidogo, hatungoje tena.» Neno moja kama hilo, likisemwa kwa wakati wake, linapita formasio nyingi.

Kiongozi yuko peke yake

Kuna mambo ambayo prezida hawezi kuyasema kwa kila mutu. Kama deni limezidi, akiwaambia wanamemba wote mbele hajapata njia ya kutokea, kesho watapeleka kakao kwa mununuzi wa barabarani. Akimwambia mununuzi, bei itashuka. Akituambia sisi wa mradi, anaogopa tutafunga mufuko. Akimwambia bibi wake, ao bwana wake, usingizi unakimbia watu 2 pahali pa mumoja. Basi ananyamaza.

Wazee walisema: mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamuonyesha. Koperative nyingi hazifi juu ya wizi. Zinakufa juu ya shida ndogo ambayo kiongozi alikaa nayo peke yake mupaka ikakuwa kubwa.

Mutu anayeweza kumusikia vizuri ni kiongozi mwenzake. Yeye anajua uzito wa muhuri na wa ufunguo wa depo. Hana haja ya kumuhukumu, sababu nyumbani kwake kuna shida ya namna ileile.

Wengine walianza namna gani

Njia hii haikuzaliwa leo. Mu mwaka 1727, kule Philadelphia, Marekani, kijana mwenye kazi ya uchapaji, Benjamin Franklin, alikusanya watu 12, wengi wao mafundi na wafanyabiashara wadogo. Walikuwa wanakutana kila Ijumaa mangaribi. Walikuwa na maulizo yaliyopangwa mbele. Mumoja wao ulikuwa kujua nani mu muji ameanguka mu biashara yake, na sababu gani. Na mwingine kujua nani anaendelea vizuri, na kwa njia gani.

Mu mwaka 1950, mu jimbo la New York, Ray Hickok, kijana aliyebakia na kiwanda cha mikanda baada ya baba yake kufa, aliita vijana wengine wenye mashirika wakae pamoja. Walikuwa mabosi, lakini hakuna aliyekuwa na wa kumuuliza. Kutoka pale kukazaliwa mutandao wa YPO, ambao leo uko mu inchi nyingi. Ndani yake wanakaa mu vikundi vidogo, watu 8 ao 10, na siri ya kikundi haitoke inje. Wana sharia moja ambayo tunataka muikamate vizuri: hakuna kuambia mwenzako «fanya hivi». Unasema tu: «Sisi tulipata shida kama hiyo, tulifanya hivi, na matokeo yalikuwa haya.» Mwenye shida anachagua mwenyewe.

Musiseme hayo ni mambo ya matajiri wa mbali. Hapa karibu, wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana Kongo yote. Wengi walianza bila benki ya kuwategemeza, na wakafika kuleta bidhaa kutoka Dubai na China. Moja ya njia zao ni kuagiza pamoja: watu kadhaa wanajaza kontena moja, na mwenye kusafiri analetea wengine habari ya bei na ya wauzaji. Pale Butembo tena, mashirika ya walimaji kama COOCENKI, SYDIP na LOFEPACO, ile ya wamama walimaji, yalishajifunza kukaa meza moja mu shirikisho la FOPAC.

Kule Tanzania, mu mwaka 1993, walimaji wa vikundi mbalimbali waliunda mutandao wa MVIWATA, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro. Walianza na kutembeleana na kubadilishana ujuzi. Neno lao kubwa ni kwamba mutetezi wa mukulima ni mukulima mwenyewe.

Ngambo ya Ruwenzori, kule Kasese, Uganda, kuna muungano wa koperative za kahawa unaoitwa Bukonzo Joint. Wakonzo wa pale wanasikilizana lugha na Wanande wa Beni na Butembo. Wanatumia njia inayoitwa GALS. Mulimaji anachora kwenye karatasi pahali aliko leo, pahali anataka kufika, na hatua za katikati. Bwana na bibi wanachora muti: mizizi ni kazi ya kila mumoja, matawi ni namna matunda na feza zinatumiwa, mu shina wanaweka mali na nani anaamua. Hata mutu asiyejua kusoma anaona kama muti wake umelala upande mumoja. Na kila aliyejifunza anafundisha wengine. Ujuzi unatembea kwa miguu ya walimaji wenyewe.

Sheria inasema nini

Wengine wataogopa: «Koperative yangu na yako, si ni washindani?» Kanuni ya 6 kati ya kanuni 7 za koperative za dunia nzima inasema koperative zishirikiane. Kanuni ya 5 inasema viongozi na wanamemba wafundishwe. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15/12/2010, imezikamata kanuni hizo, na Kongo imeingia mu OHADA tangu mwaka 2012. Sheria hiyo inaruhusu hata koperative 2 kuunda union.

Lakini barza siyo union. Barza haihitaji statut, wala muhuri, wala kufungua konti. Ni watu wanaokaa na kuambiana ukweli. Kama kisha inazaa union, vizuri. Kama haizae, bado imefanya kazi yake.

Namna ya kuianzisha

1. *Muwe wachache.* Koperative 6 mupaka 8. Wakipita 10, wengine wanalala, wengine wanapiga hotuba.

2. *Kila koperative ilete mutu mumoja, yuleyule kila mara.* Prezida ao musimamizi. Kama leo anakuja yeye, kesho katibu, kesho kutwa mutoto wake, hakuna mutu atafungua moyo. Na muangalie vizuri: kama viongozi wote ni wanaume, mumekosa nusu ya ujuzi. Mara nyingi ni wamama wanaobeba, wanaovundika na wanaoanika kakao.

3. *Barza isiwe ya kabila moja, wala ya kanisa moja.* Hapa Komanda tunajua gharama ya kukaa kila mutu na wake.

4. *Mukutane kwa zamu.* Mwezi huu kwenye koperative hii, mwezi ujao kwenye ile. Wageni waone depo, mizani, sanduku za kuvundikia na hema za kuanikia. Macho yanasikia kuliko masikio.

5. *Kila mumoja ajilipie safari.* Mwenyeji atoe bugali, sombe na maharagi, inatosha. Sisi hatutalipa perdiem, na tunawaambia waziwazi sababu yake: barza inayokutana juu ya perdiem inakufa siku mradi unaisha. Tena, wakati sisi wa mradi tumekaa mule ndani, mutasema mambo ya kutufurahisha. Tutakuja tu kama mumetuita, juu ya jambo mulilolichagua.

6. *Siri.* Linalosemwa juu ya koperative ya mwenzako linabakia pale. Anayelitoa inje anaonywa mara moja. Mara ya pili hakai tena.

7. *Kila mutu aje na kaye yake.* Bila namba ni hadisi tu. Muandike: kilo zilizonunuliwa, kilo kavu zilizotoka, bei ya kununua, bei ya kuuzisha, deni, feza zinazobakia.

Mukutano uchukue saa 3, hapana zaidi. Dakika 30 za kwanza: kila mumoja aseme kama alifanya kazi aliyoahidi mwezi uliopita. Dakika 20: bei, barabara, wanunuzi. Dakika 90: shida ya koperative moja tu. Dakika 20: kutembelea depo. Dakika 20 za mwisho: kila mumoja aahidi kazi moja, iandikwe.

Zile dakika 90 ndizo moyo wa barza. Mwenye shida aeleze dakika 15 bila kukatwa neno. Kisha dakika 30 wengine waulize maulizo tu. Mushauri yeyote anyamazishwe. Kisha dakika 30 kila mumoja aseme yaliyomupata yeye mwenyewe mu jambo linalofanana. Mwisho, dakika 15, mwenye shida aseme atafanya nini.

Mufano: kilo 150 zilienda wapi?

Mufano huu tumeutunga sisi juu ya somo, lakini hesabu zake ni za kweli mu kazi ya kakao.

Prezida wa koperative ya kwanza anafungua kaye. Mwezi uliopita alinunua kilo 3,000 za kakao mbichi. Baada ya kuvundika na kuanika, alipata kilo 990 kavu, ni kusema 33 kwa 100. Prezida wa koperative ya pili anashangaa. Yeye kwa kilo 3,000 mbichi anapata kilo 1,140, ni kusema 38 kwa 100. Tofauti ni kilo 150.

Wa kwanza anasema polepole: «Nilijua tu. Mutunza-depo wangu anaiba. Jumatatu ninamufukuza.» Mutunza-depo ni baba wa watoto, na jamaa yake ni wanamemba wengi mu koperative. Akifukuzwa kama mwizi, koperative itapasuka vipande 2.

Kama wangekuwa wanashauriana, mumoja angesema «fukuza», mwingine «peleka polisi». Lakini sharia ni kuuliza. Basi wanauliza.

«Munapima kakao mbichi saa gani?» Anajibu: palepale walimaji wanapofika, mu ndoo, na maji yake. Wa pili anasema kwake wanaacha maji yachuruzike kwanza juu ya chujio, na wanatoa vipande vya maganda na ule uzi wa katikati ya tunda. Kumbe wa kwanza amenunua maji na maganda kwa bei ya kakao.

Kisha mama mumoja anauliza ulizo ambalo hakuna aliyelingoja, na analiuliza kwa wa pili, yule aliyefanya vizuri: «Na wewe, kakao yako unaianika siku ngapi?» Anajibu: siku 4, sababu ya mvua na haraka ya mununuzi. Wanaenda kuonja. Kakao iliyokauka vizuri, ukiikamata mu mukono na kuifinya, inalia kra-kra. Ile ya wa pili hailie. Iko pengine na maji 10 kwa 100, wakati soko linataka 7 mupaka 8. Juu ya 8, ukungu unaingia.

Sasa hesabu. Kilo 990 za wa kwanza zimekauka mupaka 7 kwa 100. Kama angeziacha na maji 10 kwa 100, zingepima karibu kilo 1,023. Kwa hiyo kati ya kilo 150 zile, kilo 33 ni maji tu yaliyobakia mu kakao ya wa pili. Zinazobakia, karibu kilo 117, wa kwanza anapaswa kwanza kuzitafuta kwenye ndoo na mizani ya kununulia, mbele ya kumushika mutu.

Watu 2 waliingia, mumoja akifikiri amepoteza, mwingine akifikiri amepata. Wote 2 wanatoka na kazi. Wa kwanza ataanza kuchuruzisha na kusafisha mbele ya kupima, na atangoja mwezi mumoja aone hesabu. Kama kilo bado zinapotea, hapo atakuwa na sababu ya kuchunguza depo. Wa pili ataanika siku 6 ao 7, na ataacha kujisifu juu ya 38 yake. Na mutunza-depo hajafukuzwa Jumatatu.

Mambo ambayo koperative moja haiwezi

Kuna shida ambazo hata prezida muzuri hawezi kuzimaliza mu koperative yake. Tunataja 2.

*Ya kwanza ni kakao ya mashamba ya waliokimbia.* Wote tunalijua hili, hata kama haliongewe sana. Watu wanakimbia vita, wanaacha kakao imeiva. Mutu mwingine anaivuna, anaileta kwenye mizani. Prezida anajua ama anashuku. Akiikataa, mwenye kuileta anavuka barabara tu, anaiuzisha kwa koperative ya jirani ama kwa mununuzi wa pikipiki. Yeye amepoteza kilo, na mwenye shamba hakupata kitu. Mwezi ujao atachoka, ataikubali. Namna hiyo sote tunaweza kujikuta tunanunua mali ya ndugu aliyelala mu kambi, na hakuna mutu aliyeamua kufanya ubaya.

Hapa barza ina nguvu ambayo mutu mumoja hana. Koperative 7 za njia moja zikikubaliana siku moja: tunanunua kwa mutu aliye kwenye orodha, mwenye shamba lake linalojulikana, akivuna kwa niaba ya mwingine, alete karatasi ama shahidi, na tunaandika jina la mwenye shamba na sehemu yake tunaiweka. Hapo mwizi atabakia na barabara ndefu. Wanunuzi wa pikipiki watabakia, ni kweli. Lakini kumaliza mulango 7 kwa siku moja si kitu kidogo. Na ule aliyekimbia, siku akirudi, atajua aulize wapi.

*Ya pili ni sheria ya Ulaya juu ya misitu, namba 2023/1115.* Tarehe ya kuanza kuitumia imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini haikufutwa. Inasema kakao inayoingia Ulaya isitoke mu shamba lililokatwa msitu baada ya tarehe 31/12/2020, na kila shamba lionyeshwe pahali liko. Kwa shamba lisilopita hektari 4, nukta moja ya GPS inatosha. Likipita, lazima kuzunguka mipaka yake yote. Koperative moja ikilipia mutu na mashine peke yake, ni muzigo. Zikiwa 7, zinaweza kufundisha vijana 2 ama 3 na kugawanya gharama. Na orodha ileile ya mashamba ndiyo itasaidia ile shida ya kwanza: mutu akileta kakao, unajua inatoka shamba gani.

Hatari za kuepuka

*Kuficha wanamemba.* Prezida ni mutumishi wa wanamemba. Siri ya barza inalinda mazungumuzo, haifuniki hesabu. Deni, hasara na feza zilizobakia lazima zifike kwenye mukutano mukubwa wa wanamemba. Barza inakusaidia kuandaa namna ya kuzisema. Haikupi ruhusa ya kuzinyamazia.

*Kupangia mulimaji bei ya chini.* Siku viongozi wanakaa pamoja kukubaliana bei ndogo ya kununulia kwa wanamemba wao, hiyo siyo barza tena. Ni chama cha wanunuzi kilichovaa nguo ya koperative.

*Kujisifu.* Kiongozi anayeleta ushindi tu kila mwezi hafundishe mutu. Mumupe zamu ya shida haraka.

*Usalama.* Tarehe 6/5/2021 Ituri iliwekwa chini ya état de siège. Mujulishe wakubwa wa mahali juu ya mukutano. Mukutane muchana, watu warudi mapema. Barabara ikiwa mbaya, muahirishe. Hakuna somo linalopita maisha ya mutu. Mu simu muambiane bei na hali ya soko, lakini hata siku moja musitaje siku feza zinatembea, wala njia, wala mutu anayezibeba.

Kazi ya mwezi huu

Musingoje barua yetu. Prezida anayesoma hapa achague wenzake 2 anaowaheshimu, wa koperative zingine, awapigie simu wiki hii. Watatu wanatosha kwa kuanza, wengine watafuata. Mu mukutano wa kwanza, kila mumoja alete namba 2 tu: kilo mbichi na kilo kavu za mwezi uliopita.

Na mu komite yenu, muzungumuze maulizo haya:

1. Mwezi uliopita, bei ya kakao tuliisikia kwa nani? Huyo mutu anapata faida gani kutuambia hivyo?

2. Ni shida gani ya koperative yetu ambayo prezida anaibeba peke yake? Tunaweza kumuruhusu aipeleke kwenye barza?

3. Kwa kilo 100 mbichi tunapata kilo ngapi kavu? Kama hakuna mutu anayejua, nani ataanza kuandika, na kuanzia siku gani?

4. Kakao ya shamba la mutu aliyekimbia ikifika leo kwenye mizani yetu, tutafanya nini? Majirani wetu watafanya nini?

5. Prezida akirudi kutoka barza, atatuletea nini, na tutamuuliza siku gani?

Ulizo la 4 ndilo zito. Mulijibu kwanza kati yenu, muandike jibu, kisha mulipeleke kwa wenzenu.